Uzi wa Nne wa Gitaa la Faustin

Gitaa lile bado linanuka sambaza. Limekaa miaka mingi Lubumbashi, mahali ambako samaki wadogo wa ziwa letu hawajulikani hata kwa picha, limepakwa vanishi upya, limefungiwa ndani ya kasha lenye kitambaa chekundu kama jeneza la mkubwa fulani. Na bado, Solange alipofungua kasha hilo wiki iliyopita katika sebule ya mama yake huko Kadutu, Bukavu, harufu ilitoka kwanza, ikatusalimia watu wote, halafu ndipo gitaa lenyewe likaonekana. Paka wa jirani akaingia. Naapa. Mke wangu, aliyekuwa jikoni na wanawake wengine wakiwapikia waliokuja kwenye kilio, anasema paka huyo alikuwa ndani tangu asubuhi. Lakini mke wangu ni mtu wa kupunguza mambo, na anayeandika hapa ni mimi.

Tulikuwa tumetoka kumzika Maman Nabintu, mama yake Solange, kule juu kwenye udongo mwekundu unaoteleza, na tulikuwa tumekaa katika ule ukimya wa baada ya mazishi ambao watu huutibu kwa kula. Solange alikuwa amefika kwa ndege, nywele zimeingia mvi pembeni, akishuka polepole mteremko ambao zamani aliushuka mbio na ndoo ya maji kichwani. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Bertin, umenenepa sawa mubunge." Ningemjibu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kasha alilolishika mkononi. Mimi ndiye niliyeagiza gitaa hilo litengenezwe, mwaka ule ambao nilikuwa kijana mwembamba kiasi kwamba upepo wa ziwani ukivuma nilishika nguzo ya umeme. Nilipoona mkono wake juu ya mpini wa kasha, mwaka ule wote ulirudi kwa mara moja, na mvua zake, na matope yake, na yale maneno niliyoyasikia kupitia ukutani.

Ukuta ndio uliokuwa shule yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba kilichogandana na nyumba ya Maman Nabintu, na kati yetu kulikuwa na mbao tu, nazo zimekauka na kuachana, hata mtu akipiga chafya upande ule mimi nilisema "Mungu akusaidie" upande huu, na nilikuwa najibiwa asante. Mchana nilikunja vitenge katika duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu pale Nyawera, mzee mwema aliyekuwa akiniita "profesa" kwa sababu nilisoma shule ya jioni. Shule yenyewe ilikuwa darasa la watoto wadogo walilotuachia wakishakwenda nyumbani: tuliketi kwenye madawati yao, magoti yakiwa juu ya masikio, baba wazima na ndevu zao, tukifukuza diplome ya serikali kama watu wanaofukuza kuku kwenye giza. Kati ya duka na shule nilipita chumbani kubadili shati. Saa hiyo, jua likiwa bado halijaanguka nyuma ya milima, upande wa pili Maman Nabintu alikuwa anasonga bugali, na mwanawe mkubwa, Faustin, alikuwa anapiga gitaa.

Siwezi kueleza sauti ile bila kuonekana mwongo, na mimi tayari nina jina hilo. Lilikuwa gitaa moja, lakini masikio yangu yalisikia mawili: moja likitembea chini, zito, na jingine likikimbia juu yake, jembamba, likicheka. Mwiko wa Maman ulifuata ngoma yake. Nilivaa shati polepole mno, kifungo kimoja baada ya kingine kama bwana arusi, ili nisikilize. Na katikati ya muziki yalikuja mazungumzo.

"Faustin, acha gitare, enda kuchota mayi!"

"Mayi haikimbiake, maman."

"Na bugali je?"

"Bugali njo inakimbiaka. Inakimbilia kwa tumbo ya Solange."

"Weye, kaka, utakufa na mudomo hiyo!" Hiyo ndiyo sauti ya Solange, na kicheko chake kilipenya mbao kuliko gitaa lenyewe.

Siku moja sikuvumilia, nikaenda kugonga nikijifanya naomba chumvi, ili nimwone huyo mpigaji wa pili. Nilimkuta Faustin peke yake, amekaa kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, uso kwa jiko, kama alivyokaa siku zote akimpigia mama yake. Nikamwuliza, "Na ule wa pili iko wapi?" Hakugeuka hata. "Amepita kwa dirisha," akasema. Nyumba ile haikuwa na dirisha upande huo. Solange alinipa chumvi nyingi sana, sahani nzima, na mimi nilirudi nayo chumbani nikaitazama kama dhahabu. Nilikula chakula cha chumvi mpaka ulimi ukaota malengelenge.

Faustin alikwenda Kalehe kupiga kwenye arusi, akashikwa na homa huko, na homa ikammaliza kabla mtu hajaleta habari. Alirudishwa kwa lori. Gitaa lake lilirudi kwa lori hilohilo, chini ya magunia, shingo imevunjika. Katika siku ile ninakumbuka chumba kimejaa wanawake, viatu vimelundikana mlangoni, na Maman Nabintu amekaa chini na gitaa lililovunjika mapajani. Alizifungua nyuzi zote, moja baada ya nyingine, akazizungusha, akazitia katika mfuko wa koti alilovishwa mwanawe. "Kama iko na safari," akasema, "aende na sauti yake." Hakuna aliyeziangalia nyuzi zenyewe. Zilikwenda ardhini pamoja na Faustin, na kwetu ikabaki mbao tupu.

Baada ya hapo ukuta ulikaa kimya. Sikujua kimya kinaweza kuwa na uzito; kile kilinilalia kifuani kama gunia la makaa. Mwiko ulisonga bila ngoma. Kwetu kilio humalizwa mwaka ukizunguka: nguo nyeusi zinavuliwa, watu wanakula, wanaimba, na waliobaki wanaruhusiwa kuanza maisha upya. Na nilisikia kupitia mbao kwamba kilio kikiisha, Solange ataenda Lubumbashi kwa shangazi yake, kusomea uuguzi.

"Na weye utabaki na nani, maman?"

"Nitabaki na Bertin. Iko anakohoa pale, ninasikia kama iko muzima."

Nilikuwa kweli nakohoa. Niliziba mdomo kwa shuka. Kisha Solange akasema jambo ambalo lilinifanya nikae kitandani wima: "Ningesikia ile gitare hata mara moja, maman, ningeenda na roho muzuri. Sasa ninaenda sawa mutu anafukuzwa."

Hapo ndipo wazimu wangu ulipoanza. Mtu mwenye akili angefikiri hivi: msichana unayempenda anasema akisikia kitu fulani ataondoka kwa amani, basi ficha kitu hicho, kitupe ziwani. Mimi niliamka nikaenda kumwambia nitamtengenezea. Nilikuwa na akiba niliyoiweka kwa ajili ya suti ya kupokelea diplome, suti ambayo akilini mwangu ilikuwa tayari ina vifungo vya dhahabu. Nikampa Solange habari hiyo mlangoni kwao, mikono nyuma kama mtu anayesoma shairi mbele ya inspekta. Hakusema asante. Aliingia ndani, akatoka na gitaa lililovunjika limefungwa ndani ya kitenge cha mama yake. "Twende," akasema.

Fundi alikuwa Maître Kahasha, ambaye karakana yake ilikaa kwenye ukingo wa korongo chini ya soko, kiasi kwamba ukisukuma mlango kwa nguvu unaweza kujikuta bondeni. Alitengeneza vitanda, makabati na magitaa ya kwaya, na magitaa yake yalikuwa ghali kwa sababu alisema mbao zake zinachaguliwa mtini zikiwa bado na ndege juu. Aliposema bei, nilikaa chini. Alinipa kitanda nikalie, maana kiti hakikuwapo. Aliligeuza gitaa la Faustin, akalinusa, akaligonga tumboni kwa kidole kama daktari.

"Munataka niitengeneze, ao munataka ingine?"

"Mupya," Solange akasema. "Lakini kama hii. Usiongeze, usipunguze."

"Hata hii mikwaruzo?"

"Hata mikwaruzo."

"Dada, miye niko menuisier, fundi wa mbao, siko Yezu. Sifufue batu."

"Hatukuombe ufufue mutu. Tunaomba gitare."

Maître akachukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akaanza kupima, na sisi tukatoka bila kuaga kwa sababu alikuwa ameshatusahau.

Gitaa lilikuja mwanzoni mwa msimu wa mvua, na lilikuwa zuri kupita kiasi. Mbao nyekundu za libuyu, ule mti wa misitu ya kule Kalehe, ziling'aa mpaka niliona meno yangu ndani yake. Mikwaruzo yote ilikuwapo, imechorwa kwa uaminifu wa kutisha. Lakini kabla sijaligusa, Maman Nabintu aliinua pua.

"Nani ameleta sambaza?"

Hakuna aliyeleta sambaza. Tulizunguka chumba, tukaangalia chini ya meza, ndipo Solange akaingiza uso kwenye tundu la gitaa na kutoka amejifunika pua. Tulirudi karakana mbiombio, na Maître hakuona haya hata kidogo. Mbao zilikuwa mbichi bado, akaeleza, na sisi tulikuwa na haraka, basi alizining'iniza juu ya moto ambapo mke wake alikaushia sambaza, zikakaa huko na samaki zikivuta moshi pamoja kama ndugu.

"Maître, hii gitare iko nanuka samaki!"

"Haiko nanuka. Iko na parfum ya ziwa."

"Batakatifu batatufukuza ku kanisa!"

"Petro alikuwa muvuvi, dada. Atafurahi."

Paka wa Kadutu yote walinijua tangu siku hiyo. Nilipanda mteremko na gitaa begani, nyuma yangu msafara, mkia juu, kama mimi ni mkubwa wa jeshi. Solange anadai walikuwa wawili. Labda, lakini wawili hao walikuwa na moyo wa mia. Na tulipoingia nyumbani na paka wetu, Maman Nabintu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu lori lile, akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka akalia, na katikati ya kicheko akasema, "Faustin angeikula hii! Angeiweka mu sombe ya muhogo!" Wewe niambie, nani angelidai fedha yake irudi baada ya hapo?

Halafu mvua zikaanza kweli, zile za Bukavu ambazo hazinyeshi bali zinahamia, na shingo ya gitaa ikapinda. Mbao zilikuwa zimekauka nje kwa moshi lakini ndani zilikuwa bado zinakumbuka msitu. Nyuzi zilikaa juu mbali na shingo. Kuzibonyeza ilikuwa kama kubonyeza waya wa kuanikia nguo. Mimi nilikuwa najifunza kupiga kwa kijana wa kwaya, kwa sababu Solange alikataa kuligusa. "Siku itakuwa na sauti yake, nitaigusa," alisema. Vidole vyangu vilitoka damu, debe zima, na tulirudi kwa Maître. Yeye alifumba jicho moja, akaangalia kando ya shingo kutoka kichwani kwenda tumboni kama mwindaji anayelenga, akanifundisha na mimi kuangalia hivyo. "Unaona? Imeinama sawa mutu anasalimia chef wa kijiji." Aliifungua, akapachika ubao mgumu ndani ya shingo, akaifunga. Ikanyooka. Baadaye kidogo lile daraja linaloshika nyuzi tumboni likaanza kubanduka. Tulirudi. Kisha tumbo lenyewe likavimba. Tulirudi.

Na njia hiyo ya kurudi, mtu asiniulize ilikuwa na urefu gani, kwa sababu mimi niliirefusha. Tulitoka saa za mchana wa siku ya mapumziko, mimi nimebeba gitaa chini ya nailoni, Solange ameshika mwavuli mmoja wa sisi wawili, na mwavuli huo ulikuwa umevunjika mbavu upande wangu, kwa hiyo bega langu la kushoto lililowa mwaka mzima. Hata leo nikihisi mvua inakuja, ni bega hilo linaloniambia. Tulinunua mandazi ya moto kwa mama mmoja aliyeyakaanga chini ya bati, tukayala tumesimama, mafuta yakishuka mpaka viwikoni. Alinisimulia jinsi Faustin alivyomfundisha kupiga mluzi, na jinsi alivyokuwa akiiba sukari. Nilimsimulia habari za wanafunzi wa shule ya jioni wanaosinzia, hasa polisi mmoja ambaye alikuwa akikoroma kwa Kifaransa. Alicheka, na mimi nikaanza kuomba dua mbaya: nilianza kuomba gitaa lisipone. Kila kasoro ilikuwa safari. Maître alipopachika gundi vizuri mimi nilisikitika kama mtu aliyefiwa. Sikuwahi kumgusa Solange mkono, isipokuwa tulipobadilishana mwavuli, na mwavuli ulibadilishwa mara nyingi sana kuliko ulivyohitaji.

Ilibaki kasoro moja, na hiyo ndiyo iliyotushinda. Ilikuwa uzi wa nne. Juu kabisa ya shingo, kabla ya kichwa, kuna kipande cha mfupa chenye mifereji midogo sita ambamo nyuzi hupita. Maître aliuchonga kutoka mguu wa ng'ombe, akiufuata ule wa Faustin. Nyuzi tano zililala ndani ya mifereji yao kama watoto wema. Wa nne ulikataa. Mfereji wake ulikuwa mwembamba mno. Uzi ulikaa juu yake, na ukiupiga kwa nguvu kidogo, unaruka nje, paa!, unakwenda kulala juu ya jirani yake. Na hata ulipotulia, ulipobonyezwa katikati ya shingo ulitoa sauti iliyokwenda upande, kama mlevi katika maandamano. Maître aliangalia mfupa mpya, akaangalia wa Faustin, akalinganisha, akakuna kichwa.

"Ya zamani pia iko mufinyu hapa. Niliikopia vile iko. Munipe ruhusa, napitisha lima kidogo, inakwisha."

Tulikuwa nyumbani kwa Maman Nabintu siku hiyo. Maître mwenyewe alikuja, na tupa, ndiyo hiyo lima yake, mfukoni, akapewa kwanza chai na viazi. Maman alikuwa akichambua maharagwe. Aliposikia neno lile, aliweka ungo chini.

"Kupitisha lima wapi?"

"Hapa, maman. Ku hii kanjia."

"Na kanjia ya mutoto wangu ilikuwa namna gani?"

"Vile vile. Mufinyu."

"Basi acha."

"Maman, haitalia muzuri."

"Mutoto wangu alikuwa mujinga? Alipiga hii kintu miaka yote. Kama aliiacha mufinyu, iko mufinyu."

Mimi, msomi wa shule ya jioni, nilisimama nikatoa hotuba. Nilitaja fizikia. Nilitaja mtetemo, niliutamka vizuri sana kwa Kifaransa. Maman alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia, "Bertin, kula kiazi." Nilimgeukia Solange anisaidie, na yeye alikuwa anaangalia ule mfupa mdogo. Akasema taratibu, "Tulisema usiongeze, usipunguze." Maître akarudisha tupa mfukoni. Alipotoka aliniambia mlangoni kwamba katika maisha yake amewahi kutengenezea maaskofu, lakini hajawahi kukataliwa kusahihisha kasoro yake mwenyewe.

Siku ya kumaliza kilio mvua ilipumzika. Nyuma ya nyumba walitandaza maturubai, wakaweka viti vya kukodi, na wanawake wakatoka wamevaa vitenge vyenye rangi baada ya mwaka wa weusi, hata macho yaliuma. Nilikuwa na shati jipya, suti haikuwapo tena. Nilipiga wimbo wa kanisani ambao Faustin aliupenda. Nilikaa kama yeye, uso kwa jiko, mgongo kwa watu, nikaanza taratibu, nikiubembeleza ule uzi wa nne kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Watu waliimba. Nikaona Maman, aliyekaa penye jiko la nje, amefumba macho. Furaha ikanipanda, nikasahau, nikapiga kwa nguvu, na uzi ukaruka. Sauti niliyosikia ilikuwa ya sufuria inayoanguka ngazini. Watu wetu ni wema. Waliimba zaidi ili kunifunika, wakapiga makofi, wakanibeba mpaka mwisho wa wimbo kama mgonjwa kwenye machela. Maman Nabintu alikuja akanishika mashavu. "Umefanya muzuri, mwanangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote: "Lakini haiko yeye."

Solange aliondoka siku chache baadaye. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu, katika gari la kukodi lililokuwa na watu kuliko viti, gitaa mapajani mwangu. Tulipofika kijiji cha Miti watu wengine walishuka, ikabaki nafasi kati yetu, na hakuna aliyeijaza. Nilikuwa nimetayarisha maneno, kurasa nzima kichwani, yenye vituo na mkato. Nilipompa gitaa nilisema, "Usiiweke karibu na ukuta wenye unyevu." Hiyo tu. Aliangalia chini, akasema, "Ikipinda utakuja kuitengeneza?" Nikasema nitakuja. Lubumbashi! Ni kama nilisema nitakuja mwezini. Nilipata diplome yangu mwaka huo, nikapata kazi ya ofisi, nikaoa mwanamke ambaye namshukuru Mungu kila siku kwa ajili yake na ambaye anajua hadithi hii yote na huicheka mahali pale pale nilipoogopa angekasirika. Nilihama chumba kile. Kila nilipompitia Maman Nabintu kumsalimia, alinipa chai, akaniambia, "Gitare iko nalia muzuri kule, Bertin," na mimi nilidhani ni ukarimu wa mzee tu.

Sasa turudi sebuleni, kwenye kasha lililofunguliwa. Nilinyoosha mkono nilishike gitaa, na Solange akalivuta kwake.

"Hapana. Weye enda kwa chumba yako ya zamani."

"Kule banaweka gunia za makala sasa."

"Enda tu. Ukae kwa makala."

Watu wazima wawili, katikati ya kilio, nami nimevaa suruali nzuri. Nilikwenda. Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, au ni kweli yale ya mbunge. Nilijibana kati ya magunia, mkono kwenye mbao zilezile. Upande wa pili kigoda kilikwaruza sakafu. Nikasikia sauti ya chini ikianza kutembea, nzito, na halafu juu yake gitaa lingine, jembamba, linakimbia, linacheka. Yalikuwa mawili. Yalikuwa mawili kama jua lilivyo moja. Sikujua ninalia mpaka vumbi la makaa lilipokuwa tope usoni. Jikoni sauti za vyombo zilikoma. Mke wangu akatokeza mlangoni, mwiko mkononi, akaninong'oneza, "Huyu wa pili ni nani?" Nilitaka kumwambia amepita kwa dirisha, lakini nikaonyesha ukuta tu kwa kidole.

Solange alinieleza baadaye, akanionyesha kwa kidole. Kule Lubumbashi, mwaka wa pili, ule uzi wa nne mnene ulikatika, naye hakuwa na mwingine ila ule wa kwanza, mwembamba kuliko zote. Akaufunga pale ili mahali pasiwe patupu. Ukazama ndani ya mfereji kama ufunguo. Akaukaza juu, juu zaidi, mpaka ukaimba. Hiyo ndiyo namna wanamuziki wetu wanayoiita mi-composé, gitaa moja likilia kama mawili. Nilikuwa nimeisikia, nikidhani ni ya watu wa orkestra na magitaa ya umeme. Faustin alikuwa amechonga mfereji wa gitaa lake kwa ajili ya hiyo. Sisi tulimnunulia uzi ulio sahihi, naye hakuwa na nafasi ya uzi ulio sahihi.

"Nikampigia maman telefone," Solange akasema. "Nikaweka telefone kwa meza, nikapiga. Akaniuliza: nani iko napiga na weye? Nikasema niko peke yangu. Akasema: basi njo yeye."

"Na miye je? Miaka yote hii?"

"Alikataa. Alisema: Bertin usimwambie kwa telefone, atasema anaelewa, ataanza fizikia. Umuache, siku utakuja, aisikie kwa ukuta." Akajikunja kucheka, akafuta jicho. "Kila mwaka nilisema mwaka huu ninaenda Bukavu."

Kupitia mlango mvua ilikuwa imeanza kugonga bati, tone hapa, tone pale, na bega langu la kushoto lilikuwa limeshanijulisha tangu mapema. Nilimfikiria Maman akiniambia kula kiazi. Nilifikiria kwamba sasa gitaa limepona, kabisa, na hakuna tena sababu ya kulipeleka popote. Solange aliligeuza mapajani, akapitisha kidole kwenye shingo.

"Karakana ya Maître ingali pale?"

"Mwenyewe alikufa. Binti yake njo anafanya."

"Hebu angalia hii shingo. Ninaona sawa imeanza kupinda."

Nililichukua. Nikafumba jicho moja, nikaangalia kando ya shingo kutoka kichwani kwenda tumboni, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa imenyooka kama rula ya mwalimu wa hesabu.

"Imepinda," nikamwambia.

"Sana?"

"Vibaya sana. Hii si ya safari moja."

Solange alikuwa tayari amesimama, anatafuta mwavuli.